Hassan Fathy, Msanifu wa Udongo

Mtu akifanikiwa, jambo la kwanza ni kuvunja nyumba ya udongo ya wazee wake na kusimamisha ya saruji. Marehemu Hassan Fathy, bingwa wa Misri, aliishi umri wake wote akiupinga mtindo huo.

Alizaliwa Iskandaria mwaka 1900, mwana wa tajiri mwenye mashamba. Alihitimu usanifu wa majengo mjini Kairo mwaka 1926, na tangu 1930 akawa mwalimu katika chuo cha sanaa. Alipoziona nyumba za wakulima na unyonge wake, alijiuliza: mkulima ana udongo miguuni mwake, mbona hana nyumba njema?

Shida ilikuwa dari. Ukuta wa udongo hausumbui, lakini boriti hununuliwa, na wakati wa Vita Kuu ya Pili mbao na chuma viliadimika. Fathy alijaribu kujenga matao ya udongo, yakaporomoka. Ndugu yake akamwarifu kuwa Wanubi wa Aswan wanaezeka hivyo tangu kale. Alikwenda mwaka 1941, akashuhudia. Mwashi huegemeza safu ya kwanza ya matofali kwenye ukuta wa nyuma, na kila safu huilalia mwenzake. Matofali hayo hutiwa majani makavu mengi yawe mepesi, na hutiwa mifuo kwa vidole yapate kushikamana. Hapana hata mti mmoja wa kuyategemeza.

Alipewa kazi kubwa karibu na Luxor. Watu wa Gourna walikaa juu ya makaburi ya wakubwa wa kale, na baadhi yao waliuza vilivyomo. Serikali ikaamua kuwahamisha. Mwaka 1946 Fathy akaanza kuwajengea kijiji kipya pamoja na waashi wa Kinubi: msikiti, soko, shule, na nyumba zenye kuta nene, nyua za ndani na matundu ya kunasia upepo.

Lakini wenyewe hawakutaka kuhama. Riziki yao ilikuwa kule mlimani, na kuba kwao lilikuwa jengo la kaburi. Maofisa nao walichelewesha fedha na vifaa. Hata boma la maji lilitobolewa, kijiji kikafurika. Kazi ikasimama haijakamilika. Hapa lazima tuseme kweli: Fathy aliwapenda maskini, lakini maskini hao hawakuulizwa kama wanataka kuondoka.

Mwaka 1957 alihamia Athens, akarudi baada ya miaka michache. Kijiji chake cha Baris, katika jangwa la magharibi, kilikatizwa na vita vya 1967. Kitabu chake juu ya Gourna, kilichoenea ulimwenguni tangu 1973, ndicho kilichompa sifa ambayo majengo hayakumpa. Mwaka 1980 alipata tuzo kubwa, na mwaka uliofuata, akiwa mzee wa miaka themanini na zaidi, alikwenda New Mexico, Marekani, kuwajengea Waislamu msikiti wa udongo. Alifariki Kairo mwaka 1989.

Leo jina lake linatajwa upya. Saruji huchomwa kwa moto wa nyuzi 1,450 hivi, na hewa ya kaboni itokayo katika jiwe lenyewe na katika moto wa tanuri ni kama asilimia 7 au 8 ya ile inayotolewa na wanadamu wote. Wataalamu wanatafuta badala yake: majivu ya makaa ya mawe, mabaki ya viwanda vya chuma na udongo uliochomwa, vikichanganywa na magadi makali hadi vigande kama jiwe. Hiyo huitwa geopolima. Tofali la Fathy halikuhitaji tanuri, jua lilitosha.

Si kwamba udongo hauna aibu. Maji na chumvi vimezila nyumba nyingi za Gourna mpya, na wakazi wengine wamezibomoa wakajenga za zege. Lakini msikiti wake ungaliko. Mwenyezi Mungu amrehemu.