Kamanda Spicer-Simson: Mwendo wa Karatasini na Mwendo wa Ziwani

Kila tutokapo Kampala kuelekea Bombo sharti tupite Bwaise. Mahali hapo ni bondeni, kando ya mfereji wa Lubigi, na mvua kubwa inyeshapo maji hupanda hadi barabarani na kuingia madukani na majumbani mwa watu. Hapo ndipo gari ambalo saa yake ya mwendo ina namba mpaka kilomita 180 hupitwa na mzee aendaye kwa miguu, viatu mkononi. Wala namba zile si za uongo, ila zahitaji lami kavu, njia tupu na gari lisilo na mzigo. Mwenye kosa ni yule aliyeahidi saa ya kufika kwa kuzitegemea.

Tukiwa tumekwama katika maji hayo, tulimkumbuka ofisa mmoja wa jeshi la wanamaji la Uingereza, Kamanda Geoffrey Basil Spicer-Simson, ambaye jina lake halitengani na historia ya Ziwa Tanganyika. Maisha yake yote yalikuwa mvutano baina ya yanenwayo na yatendekayo, na motaboti mbili zilizompatia sifa zilikuwa na mvutano huo huo.

Spicer-Simson alizaliwa mwaka 1876 mjini Hobart, katika kisiwa cha Tasmania, akaingia jeshini akiwa kadeti mwenye umri wa miaka 14. Alifanya kazi ya kupima maji katika mto Yangtze nchini China na katika mto Gambia, Afrika ya Magharibi. Alikuwa hodari wa kujisifu, lakini cheo chake kilipanda polepole, kwa kuwa vyombo vilivyokuwa mikononi mwake vilipatwa na ajali. Mnamo Novemba 1914 manowari Niger ya kikosi chake ilizamishwa na nyambizi ya Kijerumani, naye wakati huo alikuwa nchi kavu, hotelini. Baada ya hapo alipewa meza na kalamu.

Bahati yake iligeuka mwezi Aprili 1915. Mwindaji John Lee alifika London na kueleza kwamba Wajerumani walitawala Ziwa Tanganyika kwa meli zao chache, na kwamba motaboti ndogo, ikiwa zitavutwa nchi kavu kupitia Kongo, zingeweza kuzishinda. Mpango ukakubaliwa. Maofisa wengi walihitajika kwingineko, hivyo kazi akapewa Spicer-Simson.

Zilichaguliwa boti mbili za kiwanda cha Thornycroft, kila moja ikiwa na urefu wa futi 40, injini mbili za petroli zenye nguvu za farasi 100 kila moja, na rafadha mbili. Kamanda alitaka kuziita Paka na Mbwa. Wakubwa wake walipokataa, aliziita Mimi na Toutou. Msomaji asidhani kuwa hilo la kwanza ni neno letu la Kiswahili. Kwake yeye yalikuwa majina ya Kifaransa ya paka na mbwa, na hivyo aliwashinda wakubwa wake kwa werevu.

Mwendo wa boti hizo ulitajwa kuwa maili 19 za bahari kwa saa, yaani kilomita 35. Lakini hazikuwa zimeundwa kubeba silaha. Zilifungwa mzinga wa kurusha makombora ya ratili tatu na bunduki ya rashasha aina ya Maxim. Tarehe 8 Juni 1915 Mimi ilijaribiwa katika mto Thames, ikafikia maili 15 tu. Mzinga ulipofyatuliwa, wenyewe pamoja na mpigaji wake walitumbukia mtoni, kwa sababu haukuwa umefungwa sawasawa.

Tutafakari hizo maili nne zilizopotea. Mwenye kuuza injini huipima katika maji matulivu, chombo kikiwa chepesi, kipya na safi. Mwenye kuitumia huongeza watu, petroli, silaha na mizigo. Boti huzama zaidi majini, maji yakaivuta, na mawimbi yakaipunguzia kasi. Aidha, injini hupumua hewa, na hewa ya nyanda za juu ni nyepesi. Kwa kila mita 1,000 za mwinuko, injini ya petroli ya kawaida hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Ziwa Tanganyika liko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Viktoria letu liko juu zaidi, kiasi cha mita 1,130.

Boti zilisafirishwa kwa meli hadi Cape Town, kisha kwa reli hadi Fungurume katika Katanga. Kutoka hapo zilivutwa kwa matrekta ya mvuke na maksai kuvuka milima ya Mitumba. Mamia ya Waafrika walikata miti, wakajenga madaraja zaidi ya 100 na kuchota maji ya kunywesha mitambo. Huo ulikuwa mwendo wa kweli wa boti zile: siku nzima kwa maili chache, kwa jasho la watu ambao majina yao hayakuandikwa. Mwishoni mwa Oktoba zikafika Lukuga, mahali paitwapo leo Kalemie.

Tarehe 26 Desemba 1915 meli Kingani ilitokea. Mzinga wake uliweza kupiga mbele tu, nazo Mimi na Toutou zikaikimbilia kwa nyuma. Kwa muda wa dakika kumi na moja hivi mambo yakawa yamekwisha. Meli ilitekwa, ikatengenezwa na kuitwa Fifi. Hapakuhitajika maili 19. Ilitosha kuwa mwepesi kuliko adui.

Tarehe 9 Februari 1916 ikafuata zamu ya Hedwig von Wissmann. Spicer-Simson alikuwa ndani ya Fifi, iliyotiwa mzinga mzito wa ratili kumi na mbili, na kila mzinga ulipopigwa Fifi ilisimama kwa kishindo. Adui alikuwa akiponyoka, ndipo Mimi ikaipita Fifi na kumlazimisha ageuke. Fifi ilipofika karibu, makombora yake mawili ya mwisho yakaizamisha Hedwig.

Kesho yake ilionekana Graf von Götzen, meli ndefu yenye mzinga uliotoka katika manowari Königsberg. Kamanda akakataa kuishambulia. Mwezi Juni alifika Bismarckburg, ambayo sasa ni Kasanga, akaona mizinga ya ngome na kurudi nyuma, na Wajerumani wakatoroka. Baadaye ikabainika kwamba mizinga ile ilikuwa ya magogo. Götzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwezi Julai 1916, na baada ya kuibuliwa ilianza kazi tena mwaka 1927 kwa jina la Liemba.

Waholoholo, waliomwona akivaa sketi, walimwita Bwana Chifungatumbo. Serikali yake ilimpa nishani. Baada ya vita alitumikia miaka mingi akiwa katibu wa ofisi ya kimataifa ya upimaji wa bahari huko Monaco, akafariki Kanada mwaka 1947. Mtu aliyezoea kuongeza chumvi alimaliza utumishi wake katika kazi ambayo hairuhusu hata futi moja ya kubuni.

Nasi twaona somo. Mvuvi au mwokoaji wa Ziwa Viktoria apangaye safari kwa namba ya muuzaji atakutwa na dhoruba petroli imekwisha, na abiria wake ndio watakaolipa kwa roho zao. Na aipakie boti yake mzigo wote wa kawaida, aijaribu penye mawimbi, saa mkononi, baina ya alama mbili zenye umbali ujulikanao, kwenda na kurudi. Namba atakayoipata itakuwa ndogo, lakini itakuwa yake. Kama hana saa, basi asubiri mvua, aje Bwaise.