Johnson, Kamusi na Neno Lililoniaibisha

Mwaka wa kwanza nilikuwa na daftari la misamiati ya Kiingereza. Kushoto neno, kulia maana yake kwa Kiswahili, basi. Nilikariri maneno kumi kila siku pale kimbwetani, nikajiona niko vizuri. Siku ya prezentesheni nikachomoa fabricate, ambalo daftarini nililiandikia "kutengeneza", nikatangaza kwamba takwimu zote za kundi letu tumezi-fabricate wenyewe. Nilitaka kusema tumezitafuta kwa jasho letu. Kumbe nimekiri mbele ya mhadhiri kwamba tumezighushi! Darasa likaangua kicheko, na wenzangu wa kundi wakaniangalia kama nimewauza. Tangu siku hiyo, kila semina nikawa nakaa nyuma, kimya.

Aliyenitoa huko nyuma ni mtu aliyefariki mwaka 1784: Samuel Johnson, mtunzi wa kamusi maarufu ya Kiingereza. Nilidhani mtu kama huyo kazaliwa kwa wenye nazo. Wapi! Alizaliwa mwaka 1709 mjini Lichfield, Uingereza, baba yake muuza vitabu ambaye biashara ilimwendea kombo. Ugonjwa wa utotoni ulimharibia macho. Mwaka 1728 akaingia Oxford, akadumu miezi kama 13 tu. Hakudisko, jamani; pesa ndiyo iliyomtoa. Viatu vyake vilitoboka hadi vidole vikaonekana, na mtu alipomwekea jozi mpya mlangoni kwa siri, aliitupa kwa hasira. Sisi tunaohesabu siku za bumu tunamwelewa.

Akafungua shule, ikakosa wanafunzi. Mwaka 1737 akaenda London kuganga njaa kwa kalamu. Mwaka 1746 wauza vitabu wakampa kazi ya kutunga kamusi. Alidhani itamchukua miaka 3; ilimchukua karibu 9, akiwa na wasaidizi sita wa kunakili katika nyumba ya kupanga, Gough Square.

Nilipofika hapa nikakaa wima. Johnson hakuanza na maana, alianza na vitabu. Akisoma na kukuta neno limetumika vizuri, alilipigia mstari na kuandika herufi yake ya kwanza pembeni. Msaidizi alinakili sentensi kwenye kikaratasi, kisha vikaratasi vikapangwa kialfabeti. Ndipo Johnson alipoangalia neno linafanya kazi gani katika kila sentensi, akaandika maana. Ndiyo sababu kitenzi chepesi kama take alikipa maana zaidi ya 100.

Mwaka 1752 mkewe akafariki, kazi bado haijaisha. Akaendelea. Kamusi ikatoka Aprili 1755, ikiwa na maneno zaidi ya 40,000 na mifano zaidi ya 100,000 kutoka vitabuni. Oxford ile ile aliyoiacha bila digrii ilimtunuku shahada ya uzamili, ikawahi kuandikwa kwenye ukurasa wa jina la kitabu. Hata hivyo hakutajirika: mwaka uliofuata alikamatwa kwa deni.

Daftari la zamani nimeliweka kando. Katika jipya naandika kwanza sentensi niliyokutana nayo kwenye kitabu au gazeti, halafu maana, halafu sentensi yangu mwenyewe, na namwomba mwenzangu aikague. Siku hizi yanaingia maneno matatu tu kwa siku. Nililitafuta upya fabricate: fundi ana-fabricate mageti ya chuma na anasifiwa, mtafiti ana-fabricate matokeo na anafukuzwa kazi. Daftari la kwanza lisingenionyesha tofauti hiyo hata ningelikariri miaka mitatu.

Wiki iliyopita semina ilifika kwenye mada ya ukusanyaji wa takwimu. Nikanyoosha mkono, sauti ikitetemeka kidogo. Nilitumia collect, neno la kidato cha kwanza. Hakuna aliyecheka, na mhadhiri akaniuliza swali la pili.