Diallo Telli: Waziri wa Sheria Aliyefia Kifungoni

Mafrateri wetu wengi wamezaliwa karibu na wakati OAU ilipogeuka kuwa Umoja wa Afrika, na huenda hawajapata kulisikia jina la Diallo Telli. Tumeona vema tumweleze, maana kisa chake kinaligusa pia Kanisa.

Boubacar Diallo Telli alizaliwa mwaka 1925 huko Porédaka, katika nyanda za juu za Fouta Djallon nchini Guinea, kwenye jamii ya Wafula, Waislamu wa tangu zamani. Alisomea sheria Ufaransa, akawa hakimu, na mwaka 1957 akafanywa Katibu Mkuu wa Baraza Kuu la Afrika Magharibi ya Kifaransa mjini Dakar. Kwa Mwafrika wa siku zile, ngazi zilizobaki juu yake zilikuwa chache sana. Mwaka uliofuata Guinea ilimkatalia De Gaulle, ikajipatia uhuru tarehe 2 Oktoba 1958. Telli akajiweka chini ya Rais Sékou Touré, naye akamtuma New York kuiwakilisha nchi katika Umoja wa Mataifa. Huko ndiko alikokuwa mwenyekiti wa kwanza wa kamati maalumu ya kupinga ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini.

Julai 1964, mjini Cairo, wakuu wa nchi walimchagua kuwa Katibu Mkuu wa OAU. Alikaa Addis Ababa miaka minane. Alikuwa mtu wa maneno makali dhidi ya wakoloni, hata baadhi ya marais wakanung'unika kwamba katibu huyu anajifanya mkubwa kama wao. Lakini mkataba aliouhudumia, uliotiwa sahihi mwaka 1963, ulizikataza nchi wanachama kuingilia mambo ya ndani ya wenzao. Kifungu hicho kilikuwa na sababu yake: nchi zilikuwa changa, na kila moja ilimwogopa jirani. Hata hivyo, mwaka 1971 watu waliponyongwa hadharani Conakry, OAU haikuwatetea.

Mmoja wa waliohukumiwa wakati huo alikuwa Askofu Mkuu wa Conakry, Raymond-Marie Tchidimbo, wa Shirika la Roho Mtakatifu, shirika lilelile lililotuletea Injili Bagamoyo. Alikamatwa mkesha wa Noeli wa 1970, akahukumiwa kifungo cha maisha na kazi ngumu. Akafungwa Camp Boiro, kambi ya kijeshi iliyo ndani ya mji wenyewe wa Conakry.

Telli alipoondoka OAU mwaka 1972, marafiki walimsihi asirudi kwao. Akarudi. Tukiri kwamba hapa anatutatiza: je, ilikuwa ni uaminifu, au alidhani jina lake kubwa lingemlinda? Sékou Touré alimpa Wizara ya Sheria, na kwa miaka minne Telli akawa waziri wa sheria wa serikali iliyofunga watu bila sheria, askofu akiwa bado kifungoni.

Julai 1976 walimjia yeye. Alishtakiwa kuongoza njama ya Wafula dhidi ya rais, akateswa mpaka akakiri. Kisha akatiwa katika kile ambacho wafungwa wa Boiro walikiita mlo mweusi: mtu hufungiwa chumbani, hapewi chakula wala maji, mpaka afe. Telli alikufa hivyo mapema mwaka 1977, na pamoja naye waliokuwa mawaziri Alioune Dramé na Alpha Oumar Barry. Nchi alizozihudumia miaka minane hazikumwokoa. Hayo yalihesabiwa kuwa mambo ya ndani ya Guinea.

Askofu Mkuu Tchidimbo aliachiliwa Agosti 1979, baada ya zaidi ya miaka minane na nusu. Sékou Touré alikufa Machi 1984. Siku chache baadaye jeshi likatwaa serikali, na wafungwa waliobaki Camp Boiro wakafunguliwa.