Kambarage alipovuka mpaka: Mwaka wa kwanza wa Nyerere Makerere

MFANYABIASHARA wa Musoma anayepeleka dagaa Kampala leo ana njia zake. Atapita Sirari aingie Kenya, kisha atokee Busia au Malaba. Au atazunguka Mwanza na Bukoba hadi Mutukula. Popote atakapopita atagongewa muhuri, atabadilisha fedha, na atajibu maswali ya ofisa wa forodha.

Januari 1943 kijana mmoja kutoka upande huo huo wa ziwa alikwenda Kampala. Alikuwa na umri wa miaka 20, mwembamba, meno yake ya mbele yamechongwa kwa mila ya Wazanaki. Shilingi ya Afrika Mashariki ilitumika Musoma, Kisumu na Kampala bila kubadilishwa, na tangu 1927 Tanganyika ilikuwa katika umoja wa forodha na Kenya na Uganda. Kijana huyo hakubeba bidhaa yoyote ya kuuza. Alikuwa na nafasi ya kusomea ualimu katika Chuo cha Makerere, na ufadhili wa kumlipia masomo hayo.

Dunia ilikuja kumjua kama Mwalimu Julius Nyerere, Rais wa kwanza wa Tanzania. Mwaka ule alikuwa bado hajawa mwalimu, na jina la Julius alikuwa bado hajapewa. Aliitwa Kambarage, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, mgeni katika nchi ya watu.

Mtoto wa mke wa tano

Kambarage alizaliwa Butiama, Aprili 13, 1922. Siku hiyo mvua ilinyesha sana, na jina alilopewa lilikuwa la mzimu wa mvua. Baba yake, Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki na alikuwa na wake 22. Mama yake, Mugaya, alikuwa mke wa tano. Kuwa mtoto wa chifu hakukumaanisha maisha ya raha. Utotoni alichunga mbuzi na kulima shamba la mama kama watoto wengine wa kijiji.

Shule aliianza akiwa amechelewa. Alikuwa na miaka 12 alipopelekwa Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili, maana nyumbani walisema Kizanaki. Alisoma kwa kasi ya mtu anayelipa deni. Mwaka 1937 alikuwa tayari Tabora, katika shule ya serikali iliyokusanya vijana hodari kutoka pande zote za Tanganyika.

Machi 1942, akiwa katika mwaka wake wa mwisho Tabora, baba yake alifariki dunia. Kijana aliomba ruhusa ya kwenda kuzika, na shule ikakataa. Kaka yake, Wanzagi, ndiye aliyekalia kiti cha uchifu. Kwa hiyo Kambarage alipokwenda Makerere hakuwa na baba wa kumuaga wala uchifu wa kurudia. Elimu ndiyo mtaji aliokuwa nao.

Chuo cha nchi nne

Makerere na Nyerere ni wa mwaka mmoja. Chuo kilianza 1922 kama shule ya ufundi, na wanafunzi wake wa kwanza 14 walifundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Mwaka 1937 tume iliyotumwa na serikali ya Uingereza ilipendekeza kikuzwe, kiwe chuo cha juu cha Afrika Mashariki yote. Kambarage alipofika, kilikuwa kinapokea vijana wa Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar.

Kwa mwanafunzi mgeni, hilo lilikuwa jambo kubwa. Tabora alikuwa amekaa na Wasukuma, Wahaya, Wachaga na Wanyamwezi, lakini wote walikuwa wa nchi moja. Pale Kampala alikutana na Waganda waliokuwa nyumbani kwao, wenye kabaka wao, Luganda lao na matoke yao. Alikutana na Wakenya waliozungumza habari za ardhi zao zilizochukuliwa na walowezi. Mtu aliyekulia Uzanaki alizoea kuhesabu dunia kwa koo na vilima. Sasa ilimbidi aihesabu kwa nchi.

Masomo yenyewe hayakuwa mepesi. Alichukua kemia na biolojia, pamoja na Kilatini na Kigiriki. Nje ya darasa alijiunga na chama cha mdahalo. Usiku alisoma vitabu ambavyo hakulazimishwa kuvisoma: barua za mapapa kuhusu kazi na haki, na maandishi ya wanafalsafa Wakatoliki. Aliyemgusa kuliko wote alikuwa Mwingereza John Stuart Mill, aliyeandika juu ya uhuru wa mtu na juu ya kukandamizwa kwa wanawake.

Kitabu cha Mill hakikubaki kuwa habari za Uingereza. Akiwa Makerere, Nyerere aliandika insha iliyochukua hoja hizo na kuzipima kwa maisha ya wanawake wa Kizanaki, na insha hiyo ikashinda shindano la uandishi. Mtoto wa mke wa tano kati ya 22 alijua alichokuwa anakiandika. Na alikianza kukiwaza katika chuo kisichokuwa na mwanafunzi wa kike hata mmoja, kwa sababu wasichana wa kwanza waliingia Makerere 1945.

Watanganyika wachache

Aliyewahi kuanza biashara katika mji wa ugenini anajua jambo la kwanza afanyalo mgeni. Hutafuta watu wa kwao. Hutafuta mtu wa kumwonyesha pa kulala, bei halisi ya vitu, na nani wa kuogopwa.

Watanganyika walikuwa wachache Makerere. Uganda na Kenya zilikuwa na shule nyingi zaidi za kuandaa vijana wa chuo, na Tanganyika ilikuwa nyuma. Mwaka huo huo wa kwanza, 1943, Nyerere na wenzake, wakiwamo Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu, walianzisha chama cha ustawi wa Waafrika wa Tanganyika. Kazi yake ilikuwa kusaidiana wenyewe kwa wenyewe.

Angalia jinsi kundi hilo lilivyokuwa. Mwapachu alikuwa Mwislamu wa Tanga, pwani. Tibandebage alikuwa Mkatoliki wa Bukoba, ng'ambo ya pili ya ziwa. Nyerere alikuwa wa Uzanaki. Nyumbani kila mmoja angejitambulisha kwa kabila lake au dini yake. Ugenini walijikuta na jina moja, Watanganyika, na jina hilo walipewa na mpaka.

Chama hicho hakikudumu. Mahali pake Nyerere alifufua tawi la Makerere la Chama cha Waafrika wa Tanganyika, TAA, ambalo nalo lilizimika miaka michache baadaye. Lakini TAA yenyewe ndiyo aliyoiongoza kuanzia 1953, na ndiyo iliyogeuzwa kuwa TANU Julai 7, 1954.

Barua ya Julai

Aprili alitimiza miaka 21. Julai, akiwa bado hajamaliza mwaka wake wa kwanza, alituma barua kwa gazeti la Tanganyika Standard. Dunia ilikuwa vitani. Katika barua hiyo alisema ubepari ni mgeni Afrika, na kwamba bara hili lijengwe juu ya ujamaa wa Kiafrika. Aliyesoma aliwajibika kuwatangulia wenzake.

Ilikuwa barua ya kijana anayejiamini, pengine kupita kiasi. Hata hivyo ndani yake mlikuwa na mbegu ya siasa ambayo miaka 24 baadaye ilitangazwa Arusha, na ikabadili maisha ya kila mwenye duka, ghala na basi Tanzania. Wafanyabiashara wengi waliumizwa na siasa hiyo. Wakitafuta chanzo chake, sehemu ya jibu iko katika chumba cha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza pale Kampala.

Haikuwa kwamba hakulijua soko. Alipomaliza Makerere na kwenda kufundisha St Mary's, Tabora, alifanya kazi kwa muda mfupi kama mkaguzi wa bei madukani. Aliwaripoti waliokuwa wakidanganya bei, na wakubwa wakazipuuza taarifa zake. Kisha akaacha.

Krismasi ya nyumbani

Mwaka ule wa kwanza uliishia Musoma. Desemba 23, 1943, siku mbili kabla ya Krismasi, alibatizwa katika misheni ya Nyegina na akachukua jina la Julius. Aliondoka Januari akiwa Kambarage, na kabla Januari nyingine haijafika alikuwa Julius Kambarage. Makerere aliendelea kuwa Mkatoliki wa vitendo, akaanzisha hapo kundi la wanafunzi Wakatoliki. Baada ya miaka mitatu alitoka na cheti cha ualimu, na cheo cha Mwalimu hakikumtoka tena hadi kaburini.

Mji ule ule

Kampala haikuisha katika maisha yake. Juni 1960 alitangaza kwamba yuko tayari kuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili Kenya, Uganda na Tanganyika ziingie katika uhuru zikiwa shirikisho moja. Haikuwa hivyo. Mwaka 1963 Makerere iliunganishwa na vyuo vya Nairobi na Dar es Salaam kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mkuu wake wa kwanza akawa yeye, mwanafunzi wa zamani. Chuo hicho kiligawanyika 1970. Juni 1967 alirudi Kampala kutia saini mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki pamoja na Kenyatta na Obote.

Halafu ikaja miaka ambayo wafanyabiashara wa mipakani hawaisahau. Jumuiya ilipovunjika, Februari 1977, serikali yake Nyerere ilifunga mpaka wa Tanzania na Kenya. Sirari na Namanga zikanyamaza, na mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Aprili 1979, baada ya vita vilivyoanza kwa uvamizi wa Kagera, majeshi ya Tanzania yakishirikiana na wapiganaji wa Uganda yaliingia Kampala na kumwondoa Idi Amin. Mji aliouingia na ufadhili wa masomo, jeshi lake liliuingia na vifaru.

Mambo haya yote ni ya mtu mmoja, na hayafai kufichana. Aliyetaka nchi tatu ziwe moja ndiye aliyefunga mpaka. Pengine ni kwa sababu alijua mapema kuliko wengi kwamba mpaka una sura mbili. Makerere ulimpa jina la Mtanganyika, na ulimpa pia majirani wa kusoma nao meza moja.

Alifariki dunia London, Oktoba 14, 1999. Novemba 30 mwaka huo huo, siku 47 baadaye, marais wa Kenya, Uganda na Tanzania walikutana Arusha na kutia saini mkataba wa kuifufua Jumuiya. Ulianza kutumika Julai 7, 2000.

Chini ya mkataba huo ndipo mfanyabiashara wa leo anapopitisha mzigo wake. Akisimama Mutukula kwenye foleni, fedha za nchi mbili mkononi, anaweza kukumbuka kwamba palikuwa na wakati shilingi ya Musoma ilinunua matoke Kampala. Kijana aliyefika huko wakati huo aliitaka hali hiyo irudi maisha yake yote, na hakuiona.