Siti binti Saad: Kutoka Vyungu hadi Santuri

Mwanamke wa Nkungu anayepeleka mzigo Kamembe, kisha akavuka hadi Bukavu, angeelewana haraka na Siti binti Saad wa Unguja. Naye alianza na mzigo kichwani.

Alizaliwa Fumba mwaka 1880, zama za utumwa. Baba Mnyamwezi, mama Mzigua. Jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Shule hakwenda. Nyumbani alijifunza kufinyanga, akawa anatembeza vyungu huku akiimba kuita wateja. Sauti ilitangulia, bidhaa ikafuata.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Wengi wangeridhika na kipaji hicho. Yeye alikubali kuwa mwanafunzi, umri ukiwa umekwenda. Muhsin Ali alimfundisha kuimba kwa kufuata ala. Taarabu ya wakati huo ilikuwa ya Kiarabu, ya wakubwa, na waimbaji wake walikuwa wanaume. Siti aliishika kwanza jinsi ilivyokuwa, pamoja na matamshi ya Kiarabu, ndipo akaileta katika Kiswahili na kuimba habari za mtaani, zikiwemo dhuluma walizofanyiwa wanyonge na wanawake.

Mwaka 1928 alisafiri na wenzake kwa meli hadi Bombay kurekodi santuri. Santuri hizo ziliuzwa pwani na bara, na watu ambao hawakumwona kamwe waliijua sauti yake.

Alifariki mwaka 1950. Binti mmoja aliyekuwa akienda kumsikiliza, Fatuma binti Baraka, ndiye Bi Kidude, aliyeendelea kuziimba nyimbo za Siti uzeeni, hadi alipofariki mwaka 2013.