Habib Swaleh, mwalimu wa Langoni

Wengi wetu tunaijua Riyadha ya Lamu kwa maulidi ya Mfunguo Sita, wageni wakishuka gatini kutoka kila upande wa pwani. Ni wachache wanaouliza mwenye kuiasisi alikuwa akifanya nini kabla hajawa mkuu wa chuo. Naye ni Sayyid Swaleh bin Alawi Jamalullayl, Allah amrehemu, ambaye watu humwita Habib Swaleh.

Alizaliwa Ngazija katikati ya karne ya 19, katika ukoo wa masharifu wenye asili ya Pate. Akaja Lamu akiwa kijana, akafikia kwa ammi yake, Sayyid Ali bin Abdallah, akasoma kwake na kwa wanazuoni wengine wa mji.

Lamu ya wakati ule ilikuwa kama miji miwili. Mkomani, upande wa kaskazini, palikuwa na nyumba za mawe za waungwana. Langoni, kusini, palikuwa na vibanda vya makuti: Wangazija, Wahadhrami maskini waliofuata riziki, watumwa na walioachwa huru. Hawa nao walikuwa Waislamu, wakisali na kufunga, lakini elimu ya ndani ya dini ilihesabiwa kuwa mali ya wenye nasaba. Na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907.

Nasaba ya Habib Swaleh ingemfungulia baraza yoyote ya Mkomani. Yeye akaenda Langoni. Akawasomesha Qur'ani na dini bila kuuliza mtu ni wa nani. Alikuwa pia tabibu, akitibu kwa dawa za miti na dua, na wengi walimjua kwa ugonjwa kabla ya kumjua kwa darasa.

Baadhi ya masharifu wenziwe walichukia, wala tusidhani ilikuwa ni kiburi kitupu. Mtumwa akishasoma, aweza kumsahihisha bwana wake katika sala. Mji mzima ulisimama juu ya jambo hilo lisitokee.

Ubishi ukazidi alipoanzisha maulidi ya Habib Ali al-Habshi, mwanachuoni wa Sewun huko Hadhramaut, yakisomwa kwa matari. Mjadala wa matari haujaisha hadi leo, na hapa si mahali pa kuufungua. Lakini kwa watu wa Langoni kisomo kile kilikuwa mlango. Asiyejua herufi hata moja aliingia, akakaa safu moja na sharifu, akaitikia, na kesho yake akarudi kusoma.

Karibu na mwaka 1900 ukasimama msikiti wa Riyadha, palepale Langoni, na chuo kikakua pembeni yake. Wanafunzi wakaja kutoka visiwa vya Wabajuni, Mombasa, Komoro na kwingineko, na wa mbali wakilala hapo hapo. Waliporudi makwao, wengi walifungua vyuo vyao.

Habib Swaleh alifariki mwaka 1935, akazikwa Lamu. Kazi wakaishika wanawe, Sayyid Ahmad Badawi na Sayyid Idarus, na darasa likabaki Langoni.