Mapera na mgeni asiyestahili



Mashahidi wa Uganda tunawajua vizuri. Karoli Lwanga na Kizito ni majina ya parokia, vigango na kwaya zetu. Lakini padre aliyewalea katika imani, Siméon Lourdel, wengi hatumjui. Leo nataka tumwangalie yeye, kwa sababu nina kesi nyumbani na maisha yake yamenibana.

Lourdel alizaliwa Ufaransa mwaka 1853, akawa mmisionari wa shirika la White Fathers. Tarehe 17 Februari 1879 yeye na Bruda Amans walifika Buganda kwa mtumbwi, wakitokea huku kwetu Usukumani. Waganda wakamwita Mapera, kutokana na neno la Kifaransa la kumwita padre. Mwaka 1882 hali ilichafuka, wamisionari wakarudi kusini mwa ziwa, na mwaka uliofuata wakaanzisha misheni ya Bukumbi. Ukitoka Geita kwenda Mwanza, ukishavuka Busisi na kufika Kigongo, Bukumbi haiko mbali.

Mwaka 1884 Mwanga akawa Kabaka, kijana wa miaka kama 16 tu. Ndiye aliyewaita mapadre warudi. Ila kiukweli furaha haikudumu. Novemba 1885 akamuua Yosefu Mukasa, kiongozi wa vijana wa ikulu. Mei 1886 ikawa zamu ya wenyewe. Mapera alikimbilia Munyonyo kumwomba mfalme awaachie, akanyimwa nafasi ya kumwona. Alibaki amesimama pale, vijana aliowafundisha wakipitishwa mbele yake wamefungwa kamba. Hakuweza kufanya lolote. Tarehe 3 Juni wengi wao wakachomwa moto Namugongo.

Hebu fikiria. Mtu mwema, jasiri, anayejulikana ikulu, na wema wake haukumwokoa hata mtoto mmoja siku ile. Alichoweza ni kubaki na Wakristo waliosalia, na akabaki.

Septemba 1888 Mwanga naye akapinduliwa. Mwezi uliofuata wamisionari wakafukuzwa Buganda, Mapera akiwamo, wakarudi Bukumbi. Mwanga alikimbilia Magu, akakaa mikononi mwa wafanyabiashara Waarabu, halafu akatoroka. Unajua alikwenda kuomba hifadhi wapi? Bukumbi! Kwa mapadre walewale ambao alikuwa amewaulia watoto wao wa ubatizo.

Wakampokea. Wakampa pa kulala, wakamfundisha dini.

Sasa vijana, tusidanganyane. Mwanga hakugeuka mtakatifu. Alirudishwa kwenye kiti kwa vita, kisha Wakatoliki na Waprotestanti wakaanza kuvutana, na Mapera mwenyewe akajikuta katikati ya siasa za ikulu. Alifariki tarehe 12 Mei 1890, ana miaka 36, mvutano ukiwa haujaisha. Mwanga alifia uhamishoni Ushelisheli mwaka 1903, akiwa amebatizwa Kianglikana kwa jina la Danieli. Yaani ule ukarimu wa Bukumbi, ukiupigia hesabu za duniani, hukuti faida.

Kesi yangu ndiyo hii. Bibi yetu, mzaa mama, alikuwa na macho mekundu kwa sababu ya miaka mingi ya moshi wa kuni. Kijijini kwetu Shinyanga mnajua maana yake. Jirani mmoja ndiye aliyeanza kumnyooshea kidole. Tulimtoa bibi usiku tukamleta Geita, akafia huku, mbali na kaburi la babu. Mwaka huu jirani yule alikuja kutafuta riziki kwenye maduara. Kifua kikamshinda, wenzake wakamkimbia. Akaja kugonga kwetu.

Mama akamfungulia.

Mtaani wanasema mama amerogwa. Hata kwenye jumuiya wapo waliomnong'ona, watu walewale waliomsifu sana alipochangia ujenzi wa kigango. Na mimi ndiye niliyekuwa na hasira kuliko wote. Siku tatu sikulala nyumbani, nililala karashani ninapofanya kazi.

Ndipo nikamkumbuka Mapera. Sidhani moyo wake haukuuma alipoiona sura ya Mwanga. Mtu aliyeziona zile kamba hazisahau. Lakini mlango wa misheni haukungoja moyo upone kwanza.

Nimerudi nyumbani. Kila asubuhi namchotea maji ya kuoga na kumpelekea uji. Kula naye sahani moja bado sijaweza, na sitajifanya nimeweza. Nimempelekea Mungu hicho kidogo, na hicho kilichobaki pia.

Je, wewe nani anagonga kwako? Tuombeane.